Ukitaka wimbo wako upigwe, sikiliza kwanza ambao si wako

Juzi Jumatatu naamka nakuta meseji ndefu ya dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, anakaa Mbagala. Kaiandika saa kumi alfajiri, maana yake ndo alikuwa anarudi shoo. Anasema kalipa kiingilio elfu kumi, kasuka, kabadilishana zamu na mwenzake kazini, kakaa mpaka saa nane na nusu usiku, na ule wimbo mmoja aliouendea haukupigwa. Wakiwa bado kwenye bajaji grupu lao la WhatsApp limeshawaka, nusu wanasema bendi imewadharau mashabiki, nusu wanasema nyie mliokuwa mnapayuka pale mbele ndo mmeharibu. Mwisho kaniuliza, "Kaka, hivi hii ni haki?"

Nimeona nisimjibu kule, nijibu hapa, sababu najua we unayenisoma ni mtu wa laivu kama mimi, hutaki muziki wa kubonyeza kitufe, unataka siku moja uwe yule shabiki ambaye ukiingia tu ukumbini mpiga gitaa la solo anakuinulia nyusi. Na mimi hilo swali la dada limenigusa pabaya kidogo, nitasema kwa nini.

Mi nimelelewa na mjomba wangu Temeke, na mjomba alikuwa Msondo damu, yaani shabiki wa kufa wa hiyo bendi ya dansi. Kwake yeye ilikuwa bado NUTA Jazz, ile iliyoanza mwaka 1964 ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi, majina yalivyobadilika kuwa Juwata, OTTU, mpaka Msondo Ngoma yeye hayakumhusu. Rafiki yake mkubwa, jirani yetu, alikuwa Sikinde, yaani bendi ya DDC Mlimani Park, iliyozaliwa 1978. Hawa wazee wawili wamebishana miaka kwenye benchi moja chini ya mwembe na ubishi wao mkubwa haukuwa nani anapiga vizuri, ulikuwa ni nani ana haki ya kupiga nini. Marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji, alikuwepo NUTA toka mwanzo, 1978 akawa mmoja wa waliokwenda kuianzisha Mlimani Park, miaka ikapita akarudi zake Msondo. Sasa kila alipohama nyimbo alizoimba zilibaki kule kule, anaziimba mtu mwingine. Jirani alikuwa anasema wimbo ni wa bendi, mwimbaji ni mpita njia. Mjomba anasema hapana, sauti ndo wimbo. Wakiwa ukumbini, mwimbaji mpya akishika wimbo wa mtu aliyehama, mjomba anakaa, anakunja mikono kifuani, hachezi mpaka uishe. Lakini hapigi kelele. Hilo ndo nilichelewa kuligundua, kwamba mzee alikuwa anakasirika kimya kimya.

Mi nilirithi mapenzi, ustaarabu sikurithi.

Nakuja kwenye hilo pabaya. Mwaka 2017, ukumbi siutaji na bendi siitaji, wote bado wapo na sina ugomvi nao tena. Nilikwenda na mchumba wangu, sasa hivi ni mke wangu, nilitaka asikie wimbo mmoja ambao mjomba alikuwa akiuimba akinyoa ndevu. Nimempigia debe wiki nzima. Tumefika saa tatu na nusu, ukumbi una watu wachache, bendi inapiga nyimbo mpya ambazo hakuna anayezijua, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mi nikaanza. Kila wimbo ukiisha nataja jina la wimbo wangu kwa sauti. Mwanzo watu wakacheka, wawili watatu wakanisaidia, nikapata nguvu, nikawa nataja hata katikati ya wimbo, pale gitaa linapopoa na mwimbaji anabaki peke yake. Nilijiona nawakilisha wananchi.

Saa tano hivi mwimbaji akasimamisha wimbo, bendi nzima kimya, ngoma tu ndo ikagonga moja ya mwisho ikanyamaza. Akaninyooshea kidole, akasema kwenye maiki, "Bwana wa shati la kijani, kwako huna redio? Nenda kaweke, sisi hapa tunafanya kazi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu waliokuwa wananisaidia dakika kumi nyuma, hao hao wanacheka. Mchumba wangu akashika pochi yake akaangalia chini ya meza. Hatukuondoka, tulikaa mpaka mwisho sababu niliona kuondoka ni aibu zaidi, na wimbo haukupigwa. Ni miaka mingi lakini nikikumbuka ule mkono ulivyonyooshwa masikio yanapata moto mpaka leo, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe yule bwana kabisa. Angeweza kuniita pembeni.

Ila kuna kitu nilikuja kukijua baadaye. Mpiga besi wa ile bendi alikuwa akinyoa saluni moja na mimi Tandika, miezi kama miwili mbele tukakutana kwenye foleni, akanitambua, akacheka, kisha akaacha kucheka alivyoona uso wangu. Alikuwa na begi lake la gitaa na ndani ya mfuko wa pembeni anahifadhi makaratasi ya shoo zote, hana sababu ya maana, anahifadhi tu. Akalitafuta la usiku ule. Ni karatasi la daftari lenye mistari, kona zote nne bado zina selotepu iliyonasa vumbi jeusi la jukwaa, maandishi ya maka peni, kila wimbo umeandikwa neno moja tu, pembeni herufi ya ufunguo wa sauti wa wimbo na herufi ya jina la anayeimba. Wimbo wangu ulikuwepo. Namba kumi na nne. Umekatwa mstari mmoja kwa kalamu ya bluu.

Akanieleza. Anayeimba sauti ya juu kwenye wimbo ule alikuwa msibani Kibaha, ilijulikana toka mchana kwamba atafika kuanzia saa saba, ndo maana waliuweka mwisho. Kwa hiyo mi saa nne nilikuwa naulilia wimbo ambao mwenyewe hayupo ukumbini. Na alipofika, akapumua, wakawa wanajiandaa kuupiga, kiongozi akaukata kwa kalamu, akasema yule wa kijani akipewa sasa hivi, wiki ijayo kila meza itakuwa na wa kijani wake.

Yaani ulikuwa unakuja, nikaufukuza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Toka siku ile nikawa namuuliza yule mpiga besi maswali kila tukikutana, na alichonifundisha ndo nataka dada wa Mbagala na wenzake kwenye grupu wakijue kabla hawajaendelea kutukanana. Bendi haipangi nyimbo kwa kukukomoa. Saa ya kwanza ni ya nyimbo mpya sababu watu ni wachache na fundi mitambo bado anasawazisha sauti, ukipiga wimbo mkubwa pale unaupoteza, maiki inapiga mluzi na nusu ya mashabiki wako kwenye daladala. Alafu kuna koo. Mwimbaji hawezi kuimba nyimbo tatu za juu mfululizo, lazima katikati aingie mwingine au waachie magitaa. Halafu kuna chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo watu wanapoinuka wote, ukishafika hapo ukiwarudisha watu kwenye wimbo wa taratibu wanakwenda kukaa na kuwainua tena ni kazi. Kuna pedeshee, mtu wa hela, kaja na wageni wake kaomba wimbo wake, na huyo ndo kalipia meza nne. Kuna mwenye ukumbi anayeonyesha saa. Wimbo wako mmoja umekaa katikati ya mambo yote hayo, we unadhani ni suala la kukumbukwa tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, sikiliza. Fika mapema, kaa, sikiliza nyimbo mpya kama vile ndo ulizolipia. Wanamuziki wanaona, usidhani taa zinawapofusha, pale mbele wanaona kila uso.

Kilichonikomaza zaidi ni Zanzibar. Februari 2019 nilikwenda Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe, kwa mara ya kwanza. Lile tamasha lilianza 2004 na msimamo wao ni laivu tupu, hakuna kuimba juu ya CD. Wanapanda watu kutoka nchi ambazo hujui hata salamu yao. Nikajikuta nimesimama kwenye nyasi, ukuta mkubwa wa mawe nyuma yangu, mbele kuna kundi ambalo sijui wimbo wao hata mmoja. Sina wa kudai! Sina jina la kutaja. Ikabidi nisikilize tu, na nakwambia kufikia wimbo wa tatu nilikuwa natokwa jasho. Nikajiuliza hivi miaka yote kwenye bendi za nyumbani nimekosa mangapi kwa kusubiri kitu kimoja.

Na watu wa kule kwa taarab ni walimu, ukweli lazima tuuseme sisi wa bara. Vikundi vya zamani kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, taarab yao ya asili inafunguliwa na bashraf, ala tupu, hakuna anayeimba, na watu wametulia wanasikiliza. Hakuna mtu anayepayuka "muimbaji yuko wapi". Anapoanza kuimba, mama akisikia ubeti uliomgusa anainuka taratibu, noti mkononi, anatembea kwa madaha mpaka mbele, anatuza, anarudi kukaa. Huko ndo kuomba na kushukuru kwa mpigo. Ujumbe umefika, bendi imejua ubeti gani umeuma, na hakuna wimbo uliokatishwa. Sisi huku tunatuza tukiwa tumemziba mwimbaji uso, mtu anapanda jukwaani anambandika noti kwenye paji la uso alafu anasimama apigwe picha, mwimbaji wa watu anaimbia kwapa la mtu.

Nikifika kwenye simu ndo nachukia kabisa. Ndugu yangu, ukiinua simu dakika tano, nyuma yako kuna mtu mfupi kalipa kiingilio kile kile anaangalia shoo kwenye kioo chako. Piga sekunde thelathini weka status, rudisha mfukoni. Ile video hutaiangalia, mi ninazo zaidi ya mia mbili za zamani, sauti imepasuka yote, besi inasikika kama mtu anagonga debe. Na ukiwa umeshika simu mikono haipigi makofi, bendi inaona msitu wa simu na ukimya, inadhani wimbo haujapendwa, wiki ijayo unaachwa. Halafu unakuja kwenye grupu kulalamika mbona wimbo mpya mzuri wameuacha. Umeuua mwenyewe.

Kuna watu mtanijibu, mimi nimelipa, mteja ni mfalme. Umelipa kiingilio, hukununua bendi. Fundi cherehani ukimlipa anakushonea nguo yako, lakini hapa mko mia nne, kila mmoja na kipimo chake, ukivuta kitambaa upande wako wa mwenzako anabaki uchi. Hili watu wazima hatulielewi na inasikitisha. Mtu anamheshimu imamu msikitini, anamheshimu padri kanisani, hata kwenye kikao cha harusi ananyoosha mkono kabla ya kuongea, akifika kwenye muziki adabu yote anaiacha mlangoni na helmeti. Wanamuziki ni watu wazima wenye watoto, wamebeba vyombo wenyewe toka saa kumi jioni.

Ukitaka kuomba wimbo, omba. Sijasema usiombe. Nenda wakati wa mapumziko, usimfuate mwimbaji, yeye yuko kwenye maji na pumzi, mfuate mpiga tumba au yule kijana anayepanga nyaya, mwambie kwa heshima, taja na sababu. Ukikataliwa usimuulize mara ya pili. Na kabla ya hapo uwe umesikiliza, narudia.

Mwezi uliopita nilikwenda na mke wangu na dada yake kwa bendi nyingine kabisa, ambayo nao huwa wanaupiga ule wimbo wa mjomba. Tulifika saa tatu kamili, tukapiga makofi kwa nyimbo sita mpya na mbili kati ya hizo nimezipenda kweli. Mapumziko nikamwambia kijana wa nyaya kwamba mjomba wangu amefariki Machi na huu alikuwa akiunyolea ndevu. Sikusema zaidi. Ulikuja saa saba na dakika ishirini, mwimbaji hakunitaja jina, aliinua tu mkono kuelekea meza yetu kabla gitaa halijaingia. Sijawahi kujisikia mkubwa vile ukumbini. Mke wangu alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza, miaka yote hiyo nimegoma kumwekea kwenye simu, nilikuwa nangoja.

Aliimba mtu mpya. Sauti si ile. Nilikunja mikono kifuani kidogo kwa ajili ya mzee, ubeti wa kwanza tu, alafu nikainuka nikacheza.

Hayo yote nilimfupishia dada wa Mbagala jana usiku, nikamwambia bendi yake inapiga tena Jumamosi, aende, afike mapema, awaambie na wenzake wa grupu waache kwanza maneno. Kajibu "sawa kaka", basi, hajaweka hata emoji. Nadhani bado ana hasira na elfu kumi yake, na mi simlaumu, kwangu ilichukua muda.