Stelingi asiyesema: maswali yenu kuhusu Le Samouraï

Filamu hii ya mwaka 1967 ya Mfaransa Jean-Pierre Melville haijawahi kuwapatanisha watazamaji. Alain Delon ni Jef Costello, muuaji wa kukodiwa jijini Paris. Anamuua mwenye klabu ya usiku, mpiga piano anamwona akitoka, na tangu hapo anasakwa na polisi pamoja na hao hao waliomkodi. Nimechagua maswali machache. La tatu linafichua mwisho, kwa hiyo ambaye hajaiona aliruke.

*Dakika zinakatika na hakuna aliyefungua mdomo. Nikadhani spika imekufa. Mnasifia nini hapo?* (Mwanza)

Spika yako ni nzima, ndugu yangu. Neno la kwanza linasikika baada ya kama dakika kumi hivi. Ila angalia mikono yake. Jef anaingia kwenye Citroën ya watu iliyoegeshwa barabarani, anaweka mtungo mkubwa wa funguo kwenye kiti cha pembeni, anajaribu mmoja baada ya mwingine. Macho yako mbele, kioo kimejaa matone ya mvua, uso haubadiliki hata ufunguo ukigoma. Gari linawaka. Analipeleka gereji, fundi anabadilisha namba, anampa karatasi na bastola, na hakuna salamu wala kwaheri.

Sasa subiri mpaka polisi waje kutega kinasa sauti chumbani kwake. Wanafungua mlango kwa mtungo wa funguo kama ule ule, na wao wanajaribu mmoja mmoja. Mwizi na askari, ufundi mmoja! Angetokea mtu wa kutueleza hilo kwa maneno, raha yote ingekwisha. Melville alisimulia kwamba alipokuwa akimsomea Delon mswada wa filamu, Delon alimkatiza mapema na kukubali kazi, kwa sababu dakika zilikuwa zimepita na hakuna aliyesema kitu.

*Kamishna ana shahidi aliyemwona Jef usiku ule. Kwa nini anamwachia?* (Nakuru)

Kwa sababu shahidi huyo, Wiener, anamwokoa. Hakumwona klabuni, alipishana naye akitoka kwenye jengo anamoishi Jane, mpenzi wa Jef. Kamishna anahisi ni mpango, hivyo kwenye gwaride la utambulisho anambadilishia Jef kofia na koti, vyake wavishwe wengine. Wiener anatembea taratibu: anachagua kofia kwa huyu, koti kwa yule, na uso wa Jef, bila kukosea. Mtego wa kamishna ukawa ushahidi wa kumtetea mshukiwa. Mpiga piano naye, aliyemwona uso kwa uso, anasema siye. Kwangu hicho ndicho kipande bora cha filamu nzima, na sijali wanaosema ni kirefu.

*Stelingi hafi. Huyu kwa nini anarudi klabuni kujipeleka?* (Temeke)

Kanuni hiyo Melville hakuisikia. Waliomkodi wamemlipa ammalize Valérie, yule mpiga piano. Tazama anavyoingia: anakabidhi kofia mapokezi, anapewa kikaratasi cha kuichukulia, anakiacha pale pale mezani. Anavaa glovu nyeupe mbele za watu. Kisha anamwelekezea Valérie bastola, polisi wanampiga risasi, na kamishna akiifungua ile bastola haina hata risasi moja. Wapo wanaosema amejiua kwa sababu ya mapenzi. Sikubaliani sana. Naona mtu aliyekwisha kulipwa, hataki kudaiwa kazi, na hataki kumuua mwanamke aliyemkingia kifua. Kaitafuta njia ya kutimiza yote mawili.

*Maneno ya mwanzoni kuhusu upweke wa samurai yako ukurasa gani wa kitabu cha Bushido, ile miiko ya wapiganaji samurai wa Japani? Nimetafuta nimechoka.* (Muscat)

Pumzika. Melville aliyatunga mwenyewe.

*Yule ndege kwenye tundu ni pambo tu?* (Bukavu)

Ni mlinzi. Jef akirudi baada ya polisi kutega kinasa, anamkuta ndege ametaharuki na manyoya yamedondoka. Anajua mara moja kuwa ameingiliwa, anaanza kupekua chumba.

*Mimi naona wanawake wameonewa humu. Jane kazi yake ni kupenda na kudanganya polisi.* (Tanga)

Sina utetezi, dada. Nathalie Delon, aliyekuwa mke wa Alain wakati huo, anasimama imara kamishna anapomtisha, lakini kaandikiwa kidogo mno. Valérie, yaani Cathy Rosier, ana fumbo zaidi. Bado naye tunamjua kwa macho ya Jef tu.

*Nakala yangu imepauka, kila kitu kijivu na buluu. Ni mbovu?* (Arusha)

Hapana, ndivyo mwongozaji na mpiga picha Henri Decaë walivyotaka.

*Ipo iliyotafsiriwa Kiswahili, kama zile za vibanda umiza?* (Mbeya)

Sijakutana nayo, na namhurumia atakayejaribu. Dakika kumi za kwanza atatafsiri nini, mvua? Mazungumzo ni machache kiasi kwamba maandishi ya chini yanatosha. Ukiipenda, endelea na Le Cercle rouge ya 1970, ya Melville na Delon tena, ambamo wizi wa duka la vito unafanyika kimya kimya. Ukiichukia, achana nayo hiyo, utateseka zaidi.