Dawa Iliyoishia Kwenye Leja

Swali la wiki hii: rushwa serikalini ni kosa la jinai tu, au ni uvunjaji wa haki za binadamu pia, na mwananchi wa kawaida afanye nini?

Ni yote mawili, ila hilo la pili halijithibitishi lenyewe. Tarehe 30 Novemba 2010 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kesi ya SERAP, shirika la kiraia la Nigeria, dhidi ya Serikali ya nchi hiyo, iliyohusu fedha za elimumsingi zilizofujwa. Majaji walisema ufujaji peke yake, pamoja na ubaya wake wote, bado si kunyimwa haki ya elimu. Lazima uonyeshwe uhusiano wa wazi kati ya fedha iliyoliwa na mtoto aliyekosa kusoma. Kisha wakatoa amri ninayoiona kubwa kuliko kifungo chochote: Serikali izibe pengo la fedha sasa hivi, huku ikiendelea kuwasaka waliokula.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuonyesha huo uhusiano. Kupiga kelele kwamba "wanakula" ni rahisi, na mlaji huwa hakumsumbui.

Kwa Tanzania kazi ni ngumu zaidi kuliko kwa jirani. Mkenya anayo ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, anaingia nayo mahakamani kudai huduma ya afya. Katiba yetu ya 1977 inaitaja rushwa kwenye ibara ya 9(h), na inataja elimu na ustawi wa jamii kwenye ibara ya 11, lakini ibara ya 7(2) inazizuia mahakama kuamua chochote juu ya sehemu hiyo. Njia ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo imefungwa: Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kufungua kesi moja kwa moja huko. Kinachobaki ni karatasi, na zahanati ya kijiji ina karatasi nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Chukua dawa ya mseto ya malaria. Nimeichagua kwa sababu dozi yake inahesabika: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa vidonge 6, kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 12, kilo 25 hadi chini ya 35 vidonge 18, na wa kilo 35 kwenda juu vidonge 24, vyote vikigawanywa kwa siku tatu. Dawa inaingia stoo kwa hati ya kupokelea kutoka Bohari ya Dawa (MSD), inaandikwa kwenye leja, inatolewa kwenda dirisha la dawa, na mgonjwa anaandikwa kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, Kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Ukiwa na hati, leja na rejista, una kesi.

Tuseme robo mwaka ilianza na dozi 40 za mtoto mdogo, yaani pakiti za vidonge 6. Zikapokelewa 180, na mwisho wa robo zikabaki 20. Zilizotoka ni 200. Rejista inaonyesha watoto 118 wa uzito huo waliopewa dawa. Pengo ni 82. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanakimbilia kwa mwandishi wa habari na hizo 82, na kesho yake mganga mfawidhi anawaumbua hadharani. Kwanza uliza kama pakiti za vidonge 12 ziliisha, kwa kuwa zikiisha mtoto wa kilo 18 hupewa pakiti mbili za vidonge 6. Watoto 15 wa namna hiyo wamekula dozi 30 kihalali. Uliza kama zahanati jirani iliazimwa. Tuseme ipo hati ya kuhamisha dozi 20. Uliza pia kama kuna zilizokwisha muda, nazo ziwe na karatasi yake. Kama hakuna, zinabaki 32 zisizo na maelezo.

Bado huo ni upotevu tu. Unageuka suala la haki pale unapoziweka tarehe sambamba. Kama tarehe 14 leja inasema stoo ina dozi 60, na siku hiyohiyo rejista inaonyesha watoto wanne wana malaria wakaambiwa dawa hakuna, wakanunue duka la dawa, basi umeshika uhusiano ule walioutaka majaji wa ECOWAS. Ama dawa ilikuwepo wakanyimwa, ama haikuwepo na leja inadanganya. Na kwa sera yetu mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika kituo cha umma. Huhitaji majina ya wagonjwa, na usiyaombe, hiyo ni siri yao. Omba jumla na tarehe.

Nani anaruhusiwa kuuliza? Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na wajumbe ndio wanaopaswa kushuhudia mapokezi ya dawa. Kwa uzoefu wa vituo vingi, shimo la kwanza liko hapo. Gari linafika jioni, dereva ana haraka, mjumbe anaitwa kesho yake "kuweka saini tu". Saini hiyo ndiyo inayomlinda mwizi baadaye. Mjumbe afungue katoni, ahesabu, aandike namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, aandike pungufu kwenye hati yenyewe kabla gari halijaondoka, ndipo asaini kwa tarehe na saa. Kama hakuwepo, asisaini, hata akiombwa kwa lugha tamu.

Shimo la pili ni ununuzi wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa. Mfumo huu, uliopewa jina la Jazia, ulianzia Dodoma mwaka 2014 na umeenea nchi nzima: dawa ikikosekana MSD, kituo kinanunua kwa mshitiri aliyeteuliwa na mkoa. Mpango ni mzuri, lakini kila ununuzi unatakiwa uwe na uthibitisho wa MSD kwamba dawa haikuwepo. Ankara isiyo na uthibitisho huo, au yenye bei iliyo juu ya ile ya mkataba, ndiyo ya kushikilia.

Kama kamati imelala au imeshikwa mkono, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na itaje kituo, aina ya dawa, miezi, na hati unazotaka. Ukiandika "naomba taarifa za matumizi ya dawa" utajibiwa kwa sentensi mbili. Mamlaka ina siku 30 za kukujibu, hivyo nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, la sivyo siku hizo hazina pa kuanzia.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Wizi unapelekwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, simu 113 haina malipo. Kunyimwa huduma kunapelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina uwezo wa kuchunguza na hata kufungua shauri. Wananchi wengi huisahau kabisa. Nakala kwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iwahi, maana ripoti yake humfikia Rais mwisho wa Machi, na hoja isiyoingia hapo itasubiri mwaka. Mtumishi anayetoa siri analindwa na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, mradi awe na nia njema na apeleke taarifa kwa mamlaka husika. Akianzia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, asitegemee kinga hiyo.

Je, kuanika hesabu kunasaidia? Uganda, kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilikuwa zinapata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi iliyotumwa na Serikali. Baada ya kiasi cha kila mgawo kuchapishwa magazetini na kubandikwa shuleni, kufikia 2001 zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Wapo wachumi wanaosema sifa zote zisipewe magazeti, kwa kuwa mfumo mzima wa fedha ulikuwa unabadilishwa wakati huohuo. Nakubaliana nao kwa sehemu. Lakini mwalimu asiyejua alitumiwa kiasi gani hana cha kudai.

Jambo moja ambalo barua nyingi hulikosa: zinaomba mhusika akamatwe, basi. Akifungwa na mali yake ikataifishwa, fedha inaingia serikalini, na stoo ya zahanati inabaki tupu vilevile. Andika maombi mawili. La kwanza, uchunguzi. La pili, Halmashauri irudishe dozi 32 kutoka mapato ya ndani katika oda inayofuata, bila kusubiri kesi iishe, na mapokezi yake yashuhudiwe na kamati.