Daktari wa DNA kwenye karatasi ya kura

SWALI: Ndugu Mhariri, Dragan Primorac wa Kroatia, daktari na bingwa wa vinasaba, aliangushwa vibaya katika uchaguzi wa rais Januari 2025. Umaarufu wake ulitokana na nini, na mbona haukumpa kura? Tena, mpinzani wake alikwishapata asilimia 49 na yeye 19 tu; marudio yalikuwa ya nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Jina lake lilianzia maabara. Vita vya miaka ya 1990 viliacha makaburi ya halaiki Kroatia na Bosnia, na maiti nyingi hazikutambulika kwa sura wala mavazi. Primorac na wenzake wa mji wa Split, Kroatia, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutumia DNA ili ndugu wapate wa kumzika. Ni kazi ngumu, na inastahili heshima iliyopewa. Nyama ikishaoza hutegemewa meno na mifupa minene, hasa wa paja. Mfupa hukwanguliwa juu kuondoa uchafu na jasho la walioushika, husagwa ukawa unga, kisha kalsiamu huyeyushwa ndipo DNA itoke. Majibu hulinganishwa na sampuli za wazazi au watoto. Mara nyingi kinachokwamisha ni udongo: asidi za mboji huingia kwenye mfupa na kuzuia DNA isinakiliwe maabara, na bila nakala nyingi haisomeki. Na mtaalamu akizembea kuvaa glavu, hujikuta anasoma vinasaba vyake mwenyewe.

Mwaka 2003 akawa waziri wa sayansi, elimu na michezo, hadi 2009. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ulioanza kutumika 2010, uliandaliwa katika kipindi chake.

Sasa hesabu. Katiba inamtaka mshindi wa raundi ya kwanza avuke nusu ya watu wote waliopiga kura, wakiwemo walioharibu karatasi. Rais aliyekuwa madarakani, Zoran Milanović, hakufika hapo tarehe 29 Desemba 2024, kwa hiyo yeye na aliyemfuata walirudi kwa wananchi baada ya siku 14. Milanović alizoa karibu asilimia 75.

Kwa maoni yetu, kilichomwelemea Primorac ni chama kilichomsimamisha, HDZ. Tayari kilikuwa na serikali, na wengi hawakutaka kukiongezea ikulu. Isitoshe, Novemba 2024 waziri wa afya wa serikali hiyo alifutwa kazi na kukamatwa kwa tuhuma za rushwa. Kampeni ya daktari ikaanza na doa la hospitali.

Wala hakuwa daktari wa kwanza kukwama hapo. Mate Granić, bingwa wa kisukari aliyekuwa waziri wa mambo ya nje tangu 1993, aligombea kwa HDZ mwaka 2000 akawa wa tatu. Mwaka 2009 chama kilimsimamisha Andrija Hebrang, daktari pia. Naye hakufika raundi ya pili. Primorac mwenyewe aligombea mwaka huo bila chama, akapata chini ya asilimia 6. Kiti kisichotegemea kura za nchi nzima ndicho madaktari wamekipata: Željko Reiner, daktari wa magonjwa ya ndani, alikuwa Spika wa Bunge 2015 hadi 2016, kwa kura za wabunge.