Mjukuu wangu yuko Boston: akija likizo nimzuie?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nakaa Bombo, Uganda. Binti yangu alikwenda Boston kusoma, akafunga ndoa ya serikali na mwanamke mwenzake, akazaa mtoto wa kike kwa mbegu za hospitali. Sasa wameachana, na jaji amegawa siku: nusu kwa binti yangu, nusu kwa yule mwingine. Je, kuna talaka na eda? Mtoto akija likizo nisimrudishe? Akinipigia simu anasema "mama zangu wawili", nami nakata. Na je, akika yake, yaani mnyama wa kumchinjia mtoto?

JIBU: Wa alaykum salaam, Hajati. Talaka huvunja nikaha, yaani ndoa ya Kiislamu, na hapa nikaha haikuwepo. Hakuna talaka wala eda. Ndoa yao ilikuwa ya sheria ya Massachusetts, inayoiruhusu tangu 2004, na mahakama ya huko ndiyo iliyoivunja.

Mtoto ndiye mzigo. Nasaba yake ni kwa mama yake, na wanarithiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mama akifa au akishindwa kulea, anayefuata ni mama yake mzazi. Kwa hiyo haki unayo, ila zamu yako haijafika: binti yako ni mzima na analea. Ukimficha mtoto, wa kwanza kuporwa ni binti yako. Tena Marekani tangu 1993 kumzuia mtoto nje ya nchi ili kumkosesha mlezi haki yake ni jinai, kifungo hadi miaka 3. Wakimuona binti yako alishirikiana nawe, anaweza kufungwa yeye.

Binti yatima wa Hamza, ami yake Mtume, aliwakimbilia Waislamu wakitoka Makka, akiita "Ami! Ami!" Ali, Jaafar na Zaid wakamgombania, kila mmoja na hoja yake. Mtume (S.A.W.) akampa khalati yake, yaani dada wa mama yake, mke wa Jaafar, kisha akamwambia kila mmoja wa wale watatu neno la kumtuliza. Mimi hapo ndipo husimama kila nikisoma hadithi hii: hakuna aliyeondoka ametukanwa.

Yule mwanamke mwingine, fiqhi (sheria ya Kiislamu) haimpi ulezi. Lakini mtoto amekulia mikononi mwake, na kosa la wakubwa halimhusu. Usikate simu, Hajati. Muulize amekula nini, mfundishe Alhamdu.

Jirani akikutisha kwamba usiporipoti habari ya binti yako utashtakiwa kwa Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023, mwambie Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu hicho cha kuripoti Aprili 2024.

Akika ya msichana ni mbuzi mmoja. Mwombe ruhusa mama yake, uchinje hapo hapo Bombo.