Maswali ya bustani: Waridi la jangwani limelainika kitako

SWALI: Waridi langu la jangwani liko kwenye ndoo yenye udongo mweusi na samadi, nalimwagilia kila jioni. Halitoi maua, majani yanageuka manjano na kudondoka, na shina chini likibonyezwa linabonyea. Nifanyeje?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Huko kubonyea ni kuoza, usingoje kesho. Huu ni mmea wa nyika kavu, na kitako kilichovimba ndicho ghala lake la maji. Mizizi ikikaa kwenye tope hukosa hewa, huoza, kisha uozo hupanda.

Ung'oe, usafishe mizizi. Vaa glavu, maana utomvu wake ni sumu. Wawindaji waliupaka kwenye mishale. Kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, kata palipooza mpaka ufikie nyama nyeupe iliyo ngumu. Ukibakiza hata doa moja la kahawia, kazi yote ni bure. Paka unga wa mkaa, uuweke kivulini penye upepo kwa siku 7 hivi, kidonda kikauke kabisa.

Panda kwenye chungu chenye matundu: makopo 2 ya mchanga wa mto, 1 la kokoto ndogo, 1 la mboji iliyoiva. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Wiki ya kwanza usimwagilie. Baadaye chomeka kijiti sentimita 5. Kikitoka na unyevunyevu, subiri. Masika, usogeze chini ya upenu.

Maua yanataka jua la saa 6 kwa siku. Urea na samadi mbichi huleta majani matupu. Yanachanua kwenye ncha changa, hivyo ukipogoa matawi marefu, kila mkato huchipua ncha kadhaa.

SWALI: Nilipanda tawi, likashika na kuchanua, lakini mbona halivimbi chini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: La tawi huchanua mapema, ila kitako kinene hasa ni cha mmea wa mbegu. Ukiona maganda mawili ya mbegu yaliyokaa kama pembe za mbuzi, yafunge uzi kabla hayajapasuka. Mbegu zina manyoya ncha zote mbili na upepo huzichukua. Zipande zikiwa bado mpya, zilaze, uzifunike kwa mchanga kiasi cha nusu sentimita. Ndani ya wiki moja au mbili zitachomoza, vitako vikiwa vimeshaanza kunenepa.