Fidla ya Taarab Kwenye Darasa la Kiyidishi

Mara ya kwanza kusikia klezmer nilikuwa jikoni kwa rafiki yangu mjini Erfurt, Ujerumani, nakata vitunguu, redio ikaanza kupiga fidla. Nikaweka kisu chini. Nimekulia Ng'ambo, Unguja, nyumba moja na ami yangu ambaye kila baada ya Isha alikuwa akifanya mazoezi ya fidla, na sauti ile ya redioni ilikuwa na kitu ninachokijua tangu udogo: Hijaz, mpangilio wa sauti tunaoutumia kwenye taarab na muziki wa Kiarabu. Nikauliza, hao ni Waarabu wa wapi? Rafiki yangu akanijibu kwamba si Waarabu, ni muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki.

Tangu siku ile imepita miaka sita, na karibu kila kiangazi nachukua fidla yangu na kupanda treni kwenda Weimar, mwendo wa robo saa tu, kujifunza muziki huo na Kiyidishi, lugha ya Wayahudi hao. Wenzetu wengi wanaoishi huku Ulaya huniuliza Mzanzibari, tena Mwislamu, alifikaje huko, na wao wakitaka waanzie wapi. Nitasema niliyoyaona mwenyewe.

Anza na lugha, hata kama ni maneno hamsini tu. Kiyidishi kilizaliwa kando ya mto Rhine yapata miaka elfu moja iliyopita. Mwili wake ni wa Kijerumani, maneno mengi ya dini na elimu ni ya Kiebrania, na kilipohamia mashariki kikaokota maneno ya Kipolandi, Kiukraini na Kirusi. Huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Darasani Wajerumani walishangaa kwamba lugha inaweza kuchanganya hivyo na bado ikawa kamili. Mimi sikushangaa hata kidogo. Lugha yangu ni ya Kibantu, imejaa maneno ya Kiarabu, na tenzi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Siku ya kwanza mwalimu alipotufundisha kusalimiana, akasema “sholem aleykhem”, na kwamba anayejibu anageuza: “aleykhem sholem”. Nilijibu kabla hajamaliza kueleza. Darasa zima likanigeukia.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana hapa ndipo penye somo. Neno klezmer asili yake ni Kiebrania, maana yake vyombo vya muziki, kisha likawa jina la wapigaji wenyewe. Watu hawa walipiga harusini, bibi harusi akaketishwa, na mshairi wao, badkhn, akatunga papo hapo beti za kumliza kabla ya furaha kuanza. Walipiga pia kwenye harusi za majirani Wakristo, na huko Moldova walipiga pamoja na wanamuziki wa jamii ya Waroma, wale ambao wengine huwaita Majipsi, wakapeana nyimbo mpaka leo ni vigumu kusema ipi ilianzia kwa nani. Kwa hiyo muziki huu ulizoea kuvuka ua zamani sana kabla sisi hatujaanza kuuita daraja.

Katika muziki huo kuna ngazi ya sauti inayoitwa freygish. Ukiiandika kwenye karatasi, sauti zake ni zile zile za Hijaz. Basi nikanyanyua mkono, nikamwambia mwalimu, hii naijua, hii ni Hijaz. Akaniomba nipige. Nikapiga vile ami alivyonifundisha, kwa madaha yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa dhati, kisha akasema: “Hiyo ni ya kwenu. Sasa njoo nikuonyeshe ya kwetu inapumzika wapi.”

Ilinichukua siku tatu. Kuna kitu wanakiita krekhts, yaani mguno: kidole kinaigusa sauti ya juu na kuikata, kama mtu anayeanza kulia akajizuia. Katika taarab sauti yetu huteleza na kuviringika, hapa hukatika. Kidole changu cha tatu kilikataa kabisa. Lakini ndani ya siku zile tatu nilikaa zaidi na yule mwalimu na mpiga klarineti mmoja kutoka Polandi kuliko nilivyokaa na jirani yangu wa Erfurt kwa mwaka mzima. Kwa hiyo nakushauri: ukiona kinachofanana na cha kwenu, furahi, kisha nyamaza usikilize kinachotofautiana. Mfanano ulinifungulia mlango, lakini kilichoniketisha ndani ni ile tofauti.

Kama huchezi chombo chochote, anza na nigun. Ni wimbo wa Wahasidi, Wayahudi wa kundi moja la washika dini, na mara nyingi hauna maneno, ni “ya-ba-bam” na “ay-ay-ay”, unarudiwa mpaka umeingia mwilini. Hakuna anayebaki nje kwa sababu ya lugha. Halafu ingia kwenye ngoma. Freylekhs huchezwa kwa mduara, sher kwa jozi nne zinazopishana. Mimi niliona tabu kushika mikono ya wanawake nisiowajua, nikamwambia mwalimu wa ngoma waziwazi. Akatoa leso mfukoni. Kumbe hata Wayahudi washika dini walikuwa wakishika ncha mbili za leso, mwanamume huku, mwanamke kule. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nikapewa desturi yao ya zamani.

Panda pia kilima cha Ettersberg. Kilomita 8 tu kutoka Weimar ndipo ilipokuwa kambi ya Buchenwald, iliyofunguliwa mwaka 1937, na watu wapatao 56,000 walikufa pale. Kabla ya vita Kiyidishi kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10. Wanazi waliua Wayahudi milioni 6, na wengi wao waliongea lugha hii. Nenda, simama kimya. Ukirudi usiugeuze kila wimbo kuwa msiba. Mwenzangu mmoja, Myahudi, aliniambia kinachomuuma ni watu kuja kumpa pole tu, hawamuulizi nyumbani kwao walikuwa wakila nini au wakicheka nini.

Na siasa? Zitakuja. Vita vya Gaza vilipopamba moto, chumba chetu kilikuwa kizito. Usimfanye mtu mmoja kuwa msemaji wa serikali yoyote, nawe usikubali kufanywa msemaji wa Waislamu wote. Sisi tuliongea baada ya kupiga pamoja wiki kadhaa, na hatukukubaliana. Wawili hawakusemezana kwa muda. Lakini walikuja mazoezini, na huwezi kucheza sher bila kumtazama wa mbele yako.

Ujue pia kwamba Kiyidishi kina nyumba nyingi. Kwa Wahasidi wa Brooklyn, Antwerp au London ni lugha ya kila siku ya watoto na soko, na wanaume wao hawasikilizi mwanamke akiimba. Usiende huko ukitarajia jukwaa la Weimar. Kama unataka jukwaa, Toronto kuna tamasha la Ashkenaz tangu 1995. Kraków kuna tamasha la utamaduni wa Kiyahudi tangu 1988.

Ukikutana na anayekuambia mtu mweusi hana lake hapo, mtajie Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani. Mwaka 1949 aliimba Moscow, kwa Kiyidishi, wimbo wa wapiganaji ambao Hirsh Glik aliutunga katika geto la Vilna, mtaa wa Lithuania ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwaka 1943. Ni Robeson huyo huyo aliyejifunza Kiswahili London miaka ya 1930.

Mwezi uliopita nilimpigia ami simu ya video nikampigia nigun moja. Nilidhani atasema ni Hijaz. Alikaa kimya, akaomba nirudie sehemu ya pili. Nikarudia. Akasema bado, polepole zaidi, anatafuta kalamu.