Mstari ukatwe wapi pasipo mizani?

SWALI: Mwalimu, huu ni mwaka wa tatu naandika mashairi huru, yale yasiyofuata vina wala mizani (hesabu ya silabi). Hivi karibuni nilisoma shairi langu moja mbele ya washairi wenzangu. Mzee mmoja, fundi wa tarbia (mashairi ya mistari minne kila ubeti), akaniambia kwa upole kwamba nilichosoma ni habari tu iliyokatwa vipande. Kijana mmoja akamjia juu: vina na mizani ni pingu za zamani! Wakabishana wao, mimi nikasahaulika. Nani mkweli? Na kama sihesabu mizani, nitajuaje mstari uishie wapi?

JIBU: Naanza na swali lako la mwisho. Hilo la nani mkweli limebishaniwa kwa nusu karne na zaidi, ilhali la mstari uishie wapi wengi hawajiulizi kabisa.

Kumbuka kwamba ulisoma kwa sauti. Mzee hakuiona karatasi yako. Sikio lake limelelewa na mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na kina kikigonga katikati na mwishoni. Kwake yeye kina ndicho kinachotangaza kwamba mstari umefika mwisho. Wewe umekiondoa. Umeweka nini mahali pake? Kama ni ile nafasi nyeupe ya karatasi peke yake, basi alichosikia kilikuwa habari kweli, na hakukuonea.

Chukua sentensi hii: Mama aliondoka alfajiri akaacha taa ikiwaka. Ukiikata hivi:

Mama aliondoka alfajiri
akaacha taa ikiwaka

hujafanya kitu. Umekata pale ambapo msemaji yeyote angevuta pumzi. Sasa ikate hivi:

Mama aliondoka
alfajiri akaacha taa
ikiwaka

Isome polepole. “Aliondoka” limebaki peke yake ukingoni, na kwa nukta moja msikilizaji anashtuka: ameondoka nyumbani au ameondoka duniani? Kisha “ikiwaka” linasimama bila jirani, kama taa yenyewe katika nyumba iliyobaki tupu. Maneno ni yaleyale sita. Kilichobadilika ni mahali pa kimya, na kimya hicho kinasikika hata kwa asiyeiona karatasi, mradi msomaji akiheshimu. Kata mstari pale ambapo kimya kitaongeza maana. Usipoweza kueleza kimya hicho kinafanya kazi gani, unganisha mistari.

Nimeitia habari hiyohiyo katika bahari (mtindo) ya shairi la vina na mizani:

Mama katoka mapema, taa kaacha yawaka,
Nimebaki nikihema, usingizi umetoka.

Hesabu mwenyewe: nane kwa nane. Sikukusudia kumleta mtoto katika habari hii. Kina cha “-ma” ndicho kilichonilazimisha kutafuta neno, likaja “nikihema”, na pamoja nalo akaja mtu aliyebaki kitandani akiwa macho. Hiyo ndiyo nguvu ya kina ambayo yule kijana haijui: humsukuma mtunzi mahali ambapo asingekwenda kwa hiari yake. Lakini nimepoteza pia. Ile taa iliyosimama peke yake imemezwa na utao, na shaka ya “aliondoka” imetoweka.

Angalia tena: nimeandika “katoka” na “kaacha” badala ya “ametoka” na “ameacha”. Mizani imenidai, na mapokeo yananiruhusu inkisari (kufupisha neno), kama yanavyoniruhusu mazida (kulirefusha) na kuboronga sarufi (kupangua mpangilio wa maneno). Wewe ruhusa hiyo huna. Anayejivua mizani amejivua na visingizio vyake. Ninapokutana na “mekuja” katika shairi huru, najua mtunzi ameazima nguo za nyumba aliyoihama. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, sehemu kubwa ya mapinduzi yake ilikuwa hii: kutunga kwa lugha ya kawaida, ile wanayozungumza watu. Wengi walichukua uhuru wake wakaiacha nidhamu hiyo.

Badala ya vina una hazina nyingine, tena ya Kiswahili chenyewe. Upatanisho wa ngeli unakupa mwangwi bure: “kitabu changu kile kikubwa kimepotea” tayari kina mdundo. Una takriri (kurudiarudia neno), una urefu na ufupi wa mistari, una mkazo wetu unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mengi ya mashairi huru ninayoletewa yameacha vyote hivi shambani vikaoza.

Kuhusu ule ugomvi nitasema machache. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za utunzi zikachapishwa mwaka 1954, na waliomfuata wengine walizigeuza mpaka wa ushairi wenyewe: nje ya vina na mizani hakuna shairi. Hapo siwafuati, kwani hata tumbuizo, nyimbo za kale, hazikufungwa na idadi moja ya mizani. Lakini anayesema arudhi, yaani kanuni hizo za utunzi, hufunga fikra amsome mshairi Abdilatif Abdalla. Diwani yake ya Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973, aliitunga akiwa gerezani kwa sababu za kisiasa, na aliitunga kwa vina na mizani. Sijui pingu gani ya vina iliyomzuia kusema alichotaka.

Neno linalokuhusu zaidi ni “guni”. Shairi guni si shairi huru. Guni ni lile lililoahidi vina na mizani likashindwa kutimiza. Shairi huru nalo huahidi jambo lake tangu mistari ya mwanzo, na laweza kushindwa vilevile. Lako, kwa jinsi unavyolieleza, huenda halikumwahidi msikilizaji chochote.

Fanya hivi. Lichukue shairi lilelile, uliandike lote kama aya moja isiyo na mikato, kisha umpe mtu asiyelijua alisome kwa sauti. Pale atakapositasita bila wewe kumwambia, weka alama. Kata hapo kwanza. Halafu tunga beti mbili za tarbia juu ya jambo hilohilo, hata kama hutamwonyesha mtu, uone kina kitakuletea neno gani ambalo hukuwa nalo. Likikufaa, lirudishe katika shairi lako huru. Kisha rudi kwa mzee yule, umsomee.